HISTORIA: KITIMOTO, KIFAFA NA UMEME WA KICHWANI, STORI INAYOANZIA MISRI NA KUISHIA MBULU

Jioni ikiingia Maisaka, moshi wa kitimoto unaanza kupanda. Ndizi zinageuzwa, kachumbari inakatwa, muziki unafunguliwa. Wikiendi ndiyo usiseme. Babati ni mji wa watu waliotoka kila upande, Mbulu, Hanang, Kondoa, Singida, Arusha, na meza ya kitimoto ni moja ya sehemu zinazowakutanisha wale wanaokula.

Kwenye mitaa hiyo hiyo kuna jambo lingine ambalo kila mtu analijua ila halisemwi kwa sauti. Kuna nyumba ambayo mtu mmoja ana sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, na hakuna mwingine anayevigusa. Shule aliachishwa mapema. Mchumba akija, majirani wanamuwahi pembeni kumpa "taarifa". Siku akianguka barabarani, watu wanarudi nyuma hatua tano, na wengine wanatoa simu kurekodi. Huyu anasema karogwa, yule anasema majini, mwingine anaonya watu wasiguse povu lake wasije wakaambukizwa. Ugonjwa wenyewe ni kifafa, na wengi wakilisikia jina hilo wanasikia neno "kufa" ndani yake.

Kitimoto na kifafa vina stori moja. Ni stori ya jinsi binadamu alivyoijua mifumo ya waya iliyo ndani ya mwili wake, yaani mfumo wa fahamu, na ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili. Sura yake mojawapo muhimu haikuandikwa Ulaya. Iliandikwa jirani kabisa na Babati, juu kule Mbulu.

MISRI: WALIUONA UBONGO, WAKAUTUPA

Mwaka 1862 Mmarekani mmoja aliyeitwa Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo mjini Luxor, Misri. Gombo hilo liliandikwa karibu miaka 1600 kabla ya Kristo, na wataalamu wanaamini lilinakiliwa kutoka kwenye maandishi ya zamani zaidi. Ndani yake kuna visa 48 vya watu walioumia, na kila kisa kinaeleza mgonjwa ana nini na kama anatibika.

Humo ndimo ubongo unapotajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi yanayojulikana leo. Mwandishi anaeleza fuvu lililopasuka na mikunjo inayoonekana ndani, anaifananisha na mawimbi ya shaba iliyoyeyuka. Anaeleza pia mtu aliyevunjika shingo ambaye hazisikii tena mikono yake wala miguu yake. Huyo anasema hatibiki.

Kwa hiyo daktari wa Kiafrika wa wakati wa mafarao alishaona kwamba ukiumia juu, vitu vinazimika chini. Cha ajabu ni kwamba Wamisri hao hao walipotengeneza maiti za wakubwa wao, waliutoa ubongo kwa kuuvuta puani na kuutupa. Moyo wakauacha mahali pake kwa heshima zote, kwa sababu waliamini akili na utu wa mtu vinakaa moyoni. Na hata leo Kiswahili kinasema "moyo wangu umekataa", hakuna anayesema "ubongo wangu umekataa".

UGIRIKI: MTU ALIYEWAVAA WAGANGA

Karibu mwaka 400 kabla ya Kristo, Wagiriki waliuita kifafa "ugonjwa mtakatifu". Akianguka mtu, waganga walitaja mungu aliyempanda kulingana na dalili. Akilia kama mbuzi ni mungu fulani, akipiga teke ni mwingine. Malipo mbele.

Kikatokea kitabu kidogo, kinachowekwa kwenye kundi la maandishi ya Hippocrates, kikasema wazi kwamba ugonjwa huu hauna utakatifu wowote kuliko magonjwa mengine. Una chanzo chake, na chanzo kiko kwenye ubongo. Mwandishi akaongeza kwamba walioanza kuuita mtakatifu ni watu waliokosa tiba, wakaamua kujificha nyuma ya miungu ili ujinga wao usionekane. Hebu fikiria kauli hiyo inatoka zaidi ya miaka 2400 iliyopita.

Kuna kipande kimoja cha kitabu hicho ambacho mfugaji yeyote wa Manyara angekielewa haraka. Kinasema mbuzi nao wanaugua, na ukimpasua mbuzi wa namna hiyo kichwa utakuta ubongo umejaa maji na unanuka. Maelezo hayo yanafanana sana na ugonjwa ambao wafugaji wa mbuzi na kondoo wanauita kizunguzungu, pale mnyama anapoanza kuzunguka sehemu moja kama aliyepotea njia. Chanzo cha kizunguzungu ni mtoto wa minyoo tegu wa mbwa aliyejenga kifuko cha maji kichwani mwa mnyama. Minyoo kwenye ubongo, shika hapo hapo, itarudi.

NGURUWE WA KWANZA MAARUFU

Baadaye, pale Aleksandria, Misri, madaktari wawili Herophilus na Erasistratus walipasua miili ya watu na kuzifuatilia neva moja moja. Wakagundua ziko za aina mbili. Zipo zinazopeleka habari kutoka kwenye ngozi, macho na masikio kwenda juu, na zipo zinazoleta amri kutoka juu kwenda kwenye misuli.

Kisha akaja Galen, aliyezaliwa mwaka 129 Pergamo, ambayo leo iko Uturuki. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwatibu wapiganaji wa viwanjani, watu waliokatwa mapanga mbele ya mashabiki, kwa hiyo majeraha ya kila aina aliyaona. Alipohamia Roma akafanya onyesho ambalo lilizungumzwa mji mzima. Alimfunga nguruwe hai mbele ya watu, nguruwe akawa anapiga kelele kama nguruwe wanavyojua. Galen akatafuta neva nyembamba mbili zilizopita shingoni, akazikata. Nguruwe akaendelea kujirusha, mdomo wazi, lakini sauti hakuna. Kimya.

Leo hakuna atakayeruhusu onyesho kama lile, ni ukatili. Lakini siku ile wale walioamini kwamba sauti inatoka moyoni waliishiwa maneno. Moyo ulikuwa unapiga kama kawaida. Kilichokatwa ni waya kutoka kichwani.

Galen alikata pia ugwe mgongo wa wanyama kwenye sehemu tofauti. Akikata chini, miguu ya nyuma inalala. Akikata juu zaidi, na ya mbele inalala. Akikata juu kabisa shingoni, mnyama haachiwi hata pumzi.

RAMANI YA WAYA

Ukijumlisha waliyoyaona hao wazee na yaliyofuata, ramani iko hivi.

Juu kuna ubongo, kilo moja na nusu kasoro kidogo kwa mtu mzima. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote. Sehemu kubwa yenye mikunjo ndiyo inafikiri, inakumbuka, inaona, inaongea na kuamuru mikono. Upande wa kushoto unaendesha mkono wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto. Kwa nyuma chini kuna ubongo mdogo, fundi wa mizani, ndiye anayekusaidia kutembea bila kuyumba. Pombe ikizidi huyo ni kati ya wa kwanza kupotea kazini. Katikati chini kuna shina la ubongo, linalosimamia pumzi na mapigo ya moyo hata ukiwa umelala.

Kutoka kwenye shina unashuka ugwe mgongo, kamba laini iliyolindwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Kichwani zinatoka jozi 12 za neva, kwenye ugwe zinatoka jozi 31, nazo zinagawanyika mpaka zinafika ncha ya kidole cha mguu.

Mambo mengine hayasubiri ruhusa ya juu. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unarudi kabla hujasema "aah". Habari imefika kwenye ugwe mgongo, ugwe ukatoa amri palepale, na ubongo ukaletewa taarifa baadaye. Neva za kasi zaidi zinasafirisha habari kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Zile za maumivu ya polepole zinaenda mita moja hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukijigonga kidole kwenye kona ya kitanda, kwanza unajua umegonga, halafu maumivu yenyewe yanakuja nyuma kama mgeni aliyechelewa basi.

CHURA, BIFU NA NDOTO

Kwa karne nyingi watu waliamini ndani ya neva kunapita aina ya pumzi au majimaji. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, akachapisha majaribio aliyoyafanya kwa miaka mingi akitumia miguu ya vyura waliokufa. Akigusisha umeme kwenye neva, mguu unaruka. Ikawa wazi kwamba neva zina uhusiano na umeme.

Swali likabaki, umeme huo unapita kwenye kitu gani? Hapo ndipo likazaliwa moja ya mabifu makubwa ya sayansi. Camillo Golgi wa Italia alipata mwaka 1873 namna ya kuzipaka rangi seli za neva zikaonekana vizuri chini ya darubini. Akaamini zimeungana zote kama wavu mmoja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akachukua rangi ile ile ya Golgi, akaiboresha, akachora alichokiona kwa mkono wake, akasema hapana. Kila seli inajitegemea, zinakaribiana lakini hazijashikana.

Mwaka 1906 wote wawili wakapewa Nobeli moja wagawane. Golgi akasimama kutoa hotuba yake na kuitumia kuiponda nadharia ya mwenzake, mwenzake akiwa ni mshindi mwenza. Kwenye hoja hiyo Cajal ndiye aliyekuwa sahihi. Leo inakadiriwa ubongo una seli za neva kama bilioni 86, na kati ya seli na seli kuna kiupenyo kidogo mno.

Habari inavukaje kiupenyo hicho? Otto Loewi, Mjerumani aliyekuwa anafundisha Austria, alisimulia kwamba jibu lilimjia ndotoni. Usiku wa kwanza aliamka akaandika, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii hakuandika, akaenda maabara saa hiyo hiyo ya usiku. Alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa kwenye maji ya chumvi. Akaichochea neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, kisha akayachukua maji yake akayamimina kwenye moyo wa pili. Wa pili nao ukapunguza mwendo, bila kuguswa na waya wowote. Maana yake neva zinatoa kemikali. Umeme unafika mwisho wa seli moja, kemikali inavuka kama bodaboda na kupeleka ujumbe, seli ya pili inawaka. Loewi alipata Nobeli mwaka 1936.

Zipo kemikali zinazosema "washa" na zipo zinazosema "tulia". Afya ya ubongo ni mizani ya hizo mbili. Hili ndilo la kukumbuka ukitaka kukielewa kifafa.

KIFAFA NI NINI HASA

Miaka ya 1890 mwanzoni askari kijana wa Kijerumani, Hans Berger, alitupwa na farasi mazoezini akanusurika kukanyagwa na gurudumu la mzinga. Jioni hiyo ikaingia telegramu kutoka nyumbani, dada yake alipata hisia mbaya kwamba kuna kitu kimempata. Berger akaamini akili zao zimewasiliana. Akasomea udaktari ili aitafute hiyo nguvu ya kichwani. Mawasiliano ya ajabu hakuyapata, ila mwaka 1924, mjini Jena, alifanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu, na akachapisha mwaka 1929. Kwa muda wenzake hawakumuamini. Leo kipimo hicho kinaitwa EEG na ni kipimo muhimu sana cha kifafa duniani.

Kile kipimo kilionyesha kitu ambacho mganga hawezi kukiona. Kwa kawaida seli za ubongo zinawaka kwa zamu, hizi zinaongea, zile zinasikiliza. Wakati wa kifafa kundi kubwa linawaka kwa pamoja, bila mpangilio, sehemu ya "tulia" imezidiwa. Dhoruba ikianzia sehemu inayoendesha mkono, mkono unatetemeka. Ikienea ubongo mzima, mtu anapoteza fahamu, anakakamaa, anarusharusha viungo. Povu ni mate yake tu ambayo ameshindwa kuyameza. Dhoruba ikipita, ubongo unajiwasha upya taratibu, ndiyo maana anaamka amechoka na hakumbuki.

Vinavyoleta dhoruba hiyo ni vingi. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, ajali ya bodaboda bila helmeti, urithi wa ukoo. Wengine chanzo hakipatikani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na wengi wao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati.

MAHENGE: MAMA DAKTARI

Mwaka 1959 daktari kijana wa Kinorwe, Louise Aall, baadaye Jilek-Aall, alifika Tanganyika. Kule Mahenge, Ulanga, kwa Wapogoro, akaona jambo lililomshangaza. Kifafa kilikuwa kingi kuliko kawaida, na wagonjwa walikuwa wamefichwa. Walikula peke yao, vyombo vyao peke yao, kwa kuogopa mate yao. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu akianguka kwenye mafiga na wengine wakaogopa kumgusa, moto unamaliza kazi.

Akaanzisha kliniki. Dawa aliyoitegemea ilikuwa fenobabitoni, ambayo uwezo wake wa kuzuia kifafa ulijulikana tangu 1912. Ni dawa ya bei nafuu, na inafanya kitu kimoja, inaipa nguvu ile sauti ya "tulia" kichwani. Watu waliosemwa hawana dawa wakaanza kupitisha miezi bila kuanguka. Habari ikasambaa, wakatoka mafichoni.

Mama Daktari aliona pia watoto wanaotikisa kichwa mbele na nyuma kama wanaosinzia, na akaliandika hilo miaka ya sitini. Miaka mingi baadaye hali kama hiyo ilipoonekana kwa watoto wengi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, dunia ikagundua kwamba Mahenge ilishaitaja zamani. Tafiti zimekihusisha kifafa cha aina hiyo na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi weusi wa kwenye mito iendayo kasi. Minyoo tena.

MBULU: JIBU LILIKUWA CHOONI

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 1955 wamisionari Walutheri wa Norwe walifungua hospitali Haydom, wilaya ya Mbulu. Miaka ya 2000 mwanzoni daktari wa ubongo na neva kutoka Ujerumani, Andrea Winkler, ambaye alifanya utafiti Mahenge pia, akawafuatilia pale Haydom watu wenye kifafa wa maeneo hayo. Wagonjwa 212 wakapigwa picha ya CT ya kichwa. Karibu mmoja kati ya kila sita alionekana na alama za vifuko vya minyoo ndani ya ubongo.

Minyoo yenyewe ni tegu wa nguruwe. Wakati huo huo, Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzake walikuwa wanapima nguruwe wa vijiji vya Mbulu kwa njia rahisi, kuwavuta ulimi na kuangalia vivimbe vya mtoto wa tegu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Walivikuta kwa nguruwe kama 17 kati ya kila 100. Nguruwe wengi wa vijijini walikuwa wanazurura, wakila chochote.

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya, kwa hiyo soma taratibu.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko ambayo haijaiva, anapata tegu tumboni. Tegu anaweza kufika mita kadhaa na mtu asijue. Huyu bado hana shida ya ubongo. Tatizo ni kwamba tegu anatoa mayai, na mayai yanatoka na kinyesi. Mtu huyo akijisaidia porini, nguruwe anayezurura anakula kinyesi, mayai yanaanguliwa, nyama yake inajaa vifuko vyeupe kama punje za mchele. Mzunguko unaanza upya.

Lakini mayai hayo yakiingia mdomoni mwa binadamu, mwili wake unageuka nyumba ya vifuko kama wa nguruwe. Yanaingia kupitia mikono ambayo haikunawa, maji machafu, mboga mbichi zisizooshwa. Watoto wa minyoo wanasafiri na damu mpaka kwenye misuli, macho na ubongo. Kichwani wanaweza kukaa miaka kimya kabisa. Kifuko kinapoanza kufa, kinga ya mwili inakivamia, eneo linavimba, seli za jirani zinachokozwa, na dhoruba ya umeme inaanza. Mtu anaanguka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 25 au 30, na ukoo mzima unauliza nani kamroga.

Ina maana gani? Kwamba mtu ambaye hajawahi kugusa kitimoto maisha yake yote, Muislamu au Msabato, anaweza kupata vifuko kichwani kwa sababu ya mikono ya mpishi au kachumbari ya jirani. Na mlaji wa kitimoto anayekula nyama iliyopimwa na kuiva vizuri hana cha kuogopa kwenye sahani yake. Mpaka kati ya walio salama na wasio salama haupiti kwenye dini wala kabila. Unapita kwenye choo, maji na sabuni.

Na ile sahani ya peke yake nyumbani? Haizuii chochote. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala povu. Familia imekuwa ikimtenga mgonjwa kwa kukiogopa kijiko chake, huku hatari iko nyuma ya nyumba, kwenye choo kisicho na mlango, au pale ambapo choo hakipo kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya visa vya kifafa vinatokana naye. Yaani ni kifafa ambacho kingeweza kuzuiwa.

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Sogeza vitu vya hatari, hasa moto. Mlaze ubavu ili mate yatoke. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimkandamize, usimwekee kijiko mdomoni, usimpe maji kabla hajarudiwa na fahamu kabisa. Angalia saa. Ikipita dakika 5, au ikirudia kabla hajazinduka, ni hospitali haraka. Simu itumike kuita msaada, siyo kurekodi.

Akiwa na nafuu, apelekwe kupimwa. Hospitali nyingi dawa za kifafa zinatolewa kwenye kliniki ya afya ya akili, na jina hilo linawatisha watu wakaishia njiani. Isiwe sababu. Mgonjwa asiache dawa ghafla kwa kuwa ameona nafuu, maana dhoruba inaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Na asinunue dawa ya minyoo mwenyewe kwa lengo la kutibu kichwa. Vifuko vikifa vyote kwa mpigo bila usimamizi, uvimbe unaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa, hilo ni la daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Saba kati ya kumi, wadau. Hao wangeweza kuwa shuleni, kazini, na kwenye ndoa.

Kwa wale wa kitimoto, uliza nyama imekaguliwa wapi, na ikija mezani ikiwa na wekundu katikati, rudisha jikoni. Ukiona punje nyeupe kwenye nyama mbichi, hiyo siyo mafuta. Mfugaji, fungia nguruwe. Kila nyumba, choo. Kila mpishi, sabuni.

Kama mtaani kwako kuna mtu aliyeachishwa shule au kukosa mchumba kwa sababu ya kifafa, mwelekeze kliniki wiki hii. Na kama umewahi kuona mtu akipata nafuu baada ya kuanza dawa, andika hapo chini bila kutaja jina lake. Kuna mtu anasoma kimya kimya usiku huu ambaye ana mtoto aliyefichwa ndani, na maoni yako yanaweza kumfanya ampeleke hospitali kesho asubuhi.